Galoni ya Nani?

Kikombe alichopimia baba mafuta ya taa dukani kwetu Merigi bado ninacho. Ni cha bati nene, mpini wake umepinda kama sikio la ng'ombe, na karibu na ukingo kuna muhuri mdogo uliogongwa na mkaguzi wa vipimo na mizani. Imepita miaka zaidi ya 50, nacho ukikisogeza puani bado kinanuka taa. Kinachukua painti moja. Nimekipima mara nyingi kwa jagi la jikoni: mililita 568, ukijaza mpaka maji yaanze kuvimba ukingoni.

Siku hizo Merigi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kericho. Bomet, ambako Merigi iko sasa, ilikuja kuwa wilaya mwaka 1992. Duka letu lilikuwa chumba kimoja cha mabati, sukari na chumvi mbele, misumari na blanketi nyuma, na nje ubavuni, chini ya kibanda, pipa la mafuta lenye pampu ya kuzungusha kwa mkono. Kila mtu alilijua pipa hilo kwa hesabu moja: galoni 44. Galoni ina painti 8, kwa hiyo pipa ni painti 352. Baba alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini 352 aliijua kama anavyojua majina ya watoto wake. Kila painti iliyotoka aliichorea mstari wa chaki nyuma ya mlango, akiifunga mitano mitano kama mizigo ya kuni. Pampu ilipoanza kuvuta hewa, alihesabu mistari. Ikiwa 345, aliridhika, kwa sababu alijua zile 7 zilikokwenda. Nyingine zilimwagika wakati wa kumimina, na nyingine ziliondoka na mkono wake mwenyewe, uliozoea kumwongezea mjane tone la mwisho.

Kisha zikaja lita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa ikihama kutoka vipimo vya Kiingereza kwenda vya metriki, na siku moja baba akarudi kutoka Kericho na vikombe vipya viwili, cha lita na cha nusu lita. Mteja wa kwanza alikuwa kogo, mamake baba, na chupa yake ndani ya kikapu. Baba akajaza kikombe cha nusu lita, akamimina. Kogo akaiinua chupa kwenye mwanga. Mafuta yaliyozoea kufika begani mwa chupa yalikuwa yamesimama chini kidogo.

"Kikombe kimepungua, au mafuta ndiyo yamepanda?" aliuliza.

"Kikombe kimepungua, mama. Nipe mpaka kesho."

Usiku huo nilimshikia koroboi akiwa amechuchumaa sakafuni na beseni la maji. Hakujua asilimia, wala hakuwa na jedwali lolote. Alijaza kikombe kipya, akamimina ndani ya kile cha zamani, akajaza tena, akamimina tena, huku mimi nikihesabu kwa sauti. Vikombe 8 vya nusu lita vilijaza painti 7, yakabaki maji ya funda moja. Painti aliiuza senti 40. Painti 7 ni senti 280; zigawe kwa vikombe 8, unapata 35. Asubuhi akaandika kwa chaki ubaoni: nusu lita, senti 35. Kogo aliporudi alirudishiwa senti zake 5.

Si maduka yote ya sokoni yaliyofanya hivyo. Palikuwa na waliobadilisha kikombe wakaiacha bei palepale, na wateja wao walilipa kwa miaka bila kujua wanalipia nini. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba chombo kikibadilika, kuna nafasi inafunguka kati ya chombo cha zamani na kipya, na mtu anaweza kujificha humo.

Shuleni tulifundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hakuna mwalimu aliyetueleza kibaba ni kiasi gani. Baadaye sana nilijifunza kwamba watu wa pwani walitofautisha kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilima, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa kipande cha mti. Jina ni lile lile, kiasi mbalimbali. Kwetu kila mama aliyenunua mahindi kwa gorogoro alijua jambo hilo bila kufundishwa. Alikuwa akiinamisha kopo na kuangalia kama kitako kimebonyezwa kwa ndani kabla hajatoa pesa. Hata debe tunalopimia mahindi lilianza kama kopo la mafuta ya taa, galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Vipimo vingi vya soko vilikuja na mafuta, mafuta yakaisha, kopo likabaki.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha majani chai, si mbali na nyumbani. Ulikuwa mwaka 1983. Wakati huo boila za viwanda vingi vya chai zilichoma mafuta mazito, yale meusi yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Kuni zilirudi baadaye, mafuta yalipokuwa ghali mno. Mafuta hayo yalitoka Changamwe, Mombasa, kwenye kiwanda cha kusafishia kilichoanza kazi 1963 na kusimama 2013, yakaja kwetu kwa lori la tangi likipanda kutoka Nakuru.

Tangi la kiwanda lilikuwa limelazwa juu ya nguzo nyuma ya boila. Lilinunuliwa likiwa limetumika, kutoka kwa wajenzi wa barabara waliokuwa wamemaliza kazi yao na kuuza vifaa. Lilikuja na dipstiki yake, ufito mrefu wa shaba wenye alama za galoni. Unaupangusa kwa kitambaa, unauteremsha taratibu mpaka uguse chini, unautoa, unasoma mahali weusi ulipoishia. Karani niliyemrithi alikuwa mzee aliyekuwa akistaafu. Aliniachia daftari, funguo, na kanuni moja: "Ikifika mia tisa, piga simu."

Mimi nilikuwa na cheti. Kanuni ya mia tisa niliiona kuwa ya watu wasiojua hesabu. Kwenye boila kulikuwa na mita iliyosoma lita, na mita ilisema tunachoma karibu lita 100 kwa saa. Hati za lori ziliandikwa kwa lita. Ni dipstiki peke yake iliyobaki kwenye galoni. Nikajua kutoka shuleni kwamba galoni ni lita 4.546, nikachora jedwali safi, nikalibandika ukutani.

Siku ya lori la kwanza niliona kitu cha ajabu. Hati ilisema lita 10,000. Kwa jedwali langu, alama zilipaswa kupanda galoni 2,200. Zilipanda galoni 2,640. Nikakokotoa tena: lita 12,000. Nilidhani watu wa Nakuru wamekosea, wametupa lita 2,000 bure. Sikusema neno, wala mkubwa wangu, nilipomwonyesha, hakusema. Tulitazamana tukafunga daftari. Nimelifikiria tendo hilo kwa miaka 40. Lau zingepungua lita 2,000, tungepiga simu kabla injini ya lori haijapoa. Kwa kuwa zilizidi, kosa lilipita mbele ya macho yetu nasi tukalipisha.

Siku chache baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, dipstiki ilisoma galoni 600. Mia sita mara 4.546, lita 2,728. Nikatoa lita 300 za chini ambazo bomba haliwezi kuvuta. Zilibaki zaidi ya lita 2,400, za kutosha saa 24. Lori lilikuwa limeahidiwa kufika saa kumi alfajiri ya siku inayofuata. Nikaona nimebakiza saa mbili, nikalala vizuri.

Boila ilizima kabla ya saa nane usiku.

Asiyewahi kusimama ndani ya kiwanda cha chai usiku hawezi kujua kimya hicho. Kwanza mngurumo unakuwa mwepesi, halafu feni za kukaushia zinaanza kupuliza hewa isiyo na joto, na harufu inabadilika. Majani yaliyokwisha kukatwa yanalazwa yachachuke, na kwa muda fulani yanakuwa na rangi ya shaba mpya na harufu inayokaribia tofaa bivu. Hapo ndipo yanapotakiwa kuingia kwenye joto. Yasipoingia, hayangoji. Niliyashika kwa mkono yakigeuka kutoka shaba kuwa kahawia, kisha kahawia ya giza, na ile harufu tamu ikawa kali kama ya maziwa yaliyoharibika. Ghorofani, kwenye vihori, majani mabichi ya siku nzima yalikuwa yakiendelea kunyauka kupita kiasi. Katikati ya majani hayo yalikuwamo ya kituo chetu cha kupokelea majani, ya mama yangu, aliyechuma tangu umande haujakauka.

Lori lilifika saa kumi kamili, kama lilivyoahidi. Dereva akakuta watu wamesimama uani na tochi.

Mzee aliyeendesha boila hakunigombeza. Alisubiri dereva amalize kumimina lita 10,000, akaniambia nichukue dipstiki. Alama zilipanda galoni 2,640, vilevile kama mara ya kwanza. Akaniuliza, "Kijana, Nakuru wakosee mara mbili, na kwa kiasi kilekile?" Kisha akachukua kisu, akazunguka nyuma ya tangi, akaanza kukwangua rangi ya kijani mahali palipokuwa na bamba dogo. Nilimmulikia. Rangi ilitoka kwa tabaka, kijani, kisha kijivu, kisha chuma. Kwanza ikatokea tarakimu ya ujazo, halafu herufi mbili zenye nukta: U.S.

Galoni ya tangi lile ilikuwa ya Kimarekani, lita 3.785. Galoni 600 zilikuwa lita 2,271. Ukitoa zile 300 za chini, zinabaki 1,971, chini ya saa 20. Hesabu yangu ya kuzidisha ilikuwa sahihi mpaka nukta ya tatu. Sikuuliza galoni ni ya nani. Na mzee niliyemrithi, ambaye hakuwahi kugeuza galoni kuwa lita hata siku moja, kanuni yake ya mia tisa ilikuwa imeiweka boila ile hai kwa miaka, kwa sababu aliijenga juu ya tangi lenyewe.

Mama alilipwa kilo zake mwezi ule kama kawaida, maana mkulima hulipwa kwa majani mabichi aliyoyafikisha kituoni. Lakini bonasi ya mwisho wa mwaka hutokana na bei ya chai sokoni, na chai iliyochacha haina bei. Sikuwahi kumweleza kiasi ambacho kilitoka mfukoni mwake kupitia kalamu yangu. Nilimweleza kuhusu boila tu.

Baadaye niligundua kwamba mwaka huohuo, tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani. Kanada nayo ilikuwa ikihamia metriki. Ndege ilihitaji kilo 22,300 za mafuta; waliokokotoa walizidisha lita kwa 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, mahali palipotakiwa takriban 0.8, kilo kwa lita. Ikaruka ikiwa na chini ya nusu ya ilichohitaji. Rubani Robert Pearson aliiteremsha kama mwewe asiyepiga mbawa kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli, na wote 69 waliokuwamo walitoka hai. Niliposoma habari hiyo nilihisi baridi ya uani kwetu usiku ule.

Tangu hapo nilianza kuuliza. Kwa nini ziwepo galoni mbili? Jibu linapitia kwenye pombe. Uingereza ilikuwa na galoni mbalimbali, ya divai, ya bia, ya nafaka. Galoni ya divai iliwekwa kisheria 1707, enzi ya Malkia Anne, kuwa inchi za ujazo 231. Wamarekani walipojitenga waliondoka nayo, wakabaki nayo mpaka leo. Waingereza wenyewe waliiacha 1824 wakatunga moja mpya, ya kutosha ratili 10 za maji. Kwa hiyo galoni ya Kimarekani ni ya Kiingereza ya zamani, na hiyo tuliyoletewa sisi ndiyo mtoto mdogo. Kwa hesabu ya haraka, galoni 5 zetu ni galoni 6 zao.

Na pipa nalo? Kisima cha Edwin Drake kilitoa mafuta Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, na watu wakayajaza ndani ya chochote chenye pande na kitako: mapipa ya pombe kali, ya samaki, ya molasi. Wanunuzi wakawa hawajui wananunua kiasi gani. Mwaka 1866 wachimbaji wakakubaliana kuwa pipa lihesabiwe galoni 40 na nyingine 2 za nyongeza kwa ajili ya kuvuja njiani, na 42 ikabaki. Nilipofika hapa nilimkumbuka baba na zile painti zake 7.

Hiyo 42 haikuokotwa. Kilikuwapo chombo cha zamani cha divai cha galoni 42, ambacho jina lake kwa Kiingereza lilimaanisha theluthi, kwa kuwa kilikuwa theluthi ya chombo kikubwa zaidi cha galoni 126. Chombo hicho kikubwa Wareno walikiita pipa. Ndilo neno walilotuachia pwani, wao waliojenga Ngome ya Yesu Mombasa mwishoni mwa karne ya 16. Tunaposema leo pipa la mafuta, tunatumia jina la chombo kimoja kwa kipimo cha theluthi yake.

Jambo hili la pipa lilirudi nyumbani kwetu kwa njia nisiyoitazamia. Mwezi Machi 2012 Rais Mwai Kibaki alitangaza kuwa mafuta yamepatikana Turkana, kwenye kisima cha Ngamia 1. Tarehe 3 Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliyaaga malori ya kwanza yaliyobeba mafuta ghafi kutoka Lokichar kwenda Changamwe, na mtoto wa kaka yangu, ambaye ni dereva wa masafa marefu, akapata kazi katika safari zile. Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa. Kiasi kilichotangazwa kuuzwa kilikuwa mapipa 200,000, kwa dola milioni 12.

Sokoni Merigi wazee walilijadili hilo kwa siku kadhaa. Kila mmoja alikuwa akiona machoni mwake pipa analolijua: lile jeusi la chuma la lita 200, lililosimamishwa kwenye nyumba nyingi kukinga maji ya mvua. Mzee mmoja alizidisha kwa kidole juu ya vumbi, akapata lita milioni 40, akataka kujua kwa nini lita moja inauzwa senti 30 za dola ilhali kituoni tunanunua kwa zaidi ya shilingi 100. Swali lake lilikuwa zuri, na sehemu ya jibu ni kodi, usafiri na usafishaji. Lakini msingi wake ulikuwa umeteleza. Pipa la biashara ya mafuta ni lita 158.987, karibu 159. Mapipa 200,000 ni lita milioni 31.8. Kati ya pipa la macho yetu na pipa la mkataba zilipotea lita zaidi ya milioni 8, kwenye mazungumzo tu, bila tone kumwagika. Na bei kwa lita ilikuwa inakaribia senti 38.

Nilimchorea mzee yule vumbini. Pipa la duka la baba: galoni 44 zetu, lita 200. Mmarekani akilitazama pipa hilohilo la chuma atakwambia ni galoni 55, kwa sababu za kwake ni ndogo, naye hulihesabu lita 208, ilhali sisi tulilihesabu 200. Na pipa la Lokichar halipo. Hakuna duka linaloliuza, hakuna kiwanda kinacholitengeneza. Mafuta yalitoka kisimani kwa bomba, yakaingia kwenye tangi, yakabebwa na lori, yakamiminwa melini, na popote hapo hakuna mtu aliyeshika chombo cha lita 159. Ni neno lililobaki baada ya mbao zake kuoza.

Mtoto wa kaka yangu alitaka njia ya kugeuza moja kwa moja. Ukiwa na galoni za Kiingereza, gawa kwa 34.9723, unapata mapipa. Madereva na makarani wengi hugawa kwa 35, na kwa pipa moja au mawili ya dizeli hakuna ubaya. Nilimketisha tukakokotoa pamoja kwa galoni milioni 7, ambazo zinakaribia sana shehena ile ya kwanza. Kwa 35, ni mapipa 200,000 kamili. Kwa 34.9723, ni 200,158 na zaidi. Mapipa yale 158 ni zaidi ya lita 25,000, mzigo wa lori. Kwa bei ya dola 60, ni zaidi ya dola 9,000. Alikaa kimya, akaangalia nje kwenye lori alilokuja nalo.

Kisha akanipa elimu yake, nayo ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mafuta ya Turkana yana nta, akasema. Yakipoa yanaganda kama samli, hivyo husafirishwa ndani ya matangi yanayotunza joto. Mafuta ya moto hutanuka. Pipa la mkataba huhesabiwa kwenye nyuzi 60 za Farenhaiti, yaani 15.6 za Selsiasi, na mchana wa Lokichar hupita 35 kwa urahisi, achilia mbali joto la ndani ya tangi. Kwa hiyo kila kipimo huja na kipimajoto, na kiasi kinachosomwa tangini hurudishwa kwenye zile nyuzi 15.6 kabla hakijaitwa pipa. Petroli hupungua takriban moja kwa elfu kwa kila nyuzi ya Selsiasi inayoshuka. Lita 10,000 zilizopakiwa kwenye joto la 30 zikifika mahali pa 15 zinasoma pungufu ya lita 150 hivi, na hakuna aliyeiba.

Nilimwambia asubiri. Ilikuwa bado alfajiri, umande ukiwa juu ya chai. Nikatoa kipimajoto nje, nikakiacha juu ya ukuta wakati tukinywa chai. Tuliporudi kilisoma 15. Alicheka kwa furaha, akasema basi pipa la dunia nzima linapimwa kwa asubuhi ya Merigi.

Kabla hajaondoka alikishika kikombe cha babu yake, akakigeuza, akausoma muhuri. Hakuwahi kumwona babu yake, lakini hadithi ya kogo na senti 5 anaijua. Naye sasa ana watoto, ameshawasimulia.

Safari za Lokichar zilisimama. Siku hizi mtoto wa kaka yangu hubeba dizeli kuelekea kaskazini. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, sauti yake ikipotea na kurudi, nyuma yake jenereta likinguruma. Alikuwa amefika kwenye kambi moja ng'ambo ya mpaka wa Sudan Kusini. Mpokeaji alikuwa amempa karatasi asaini.

"Baba mdogo," alisema, "hati yangu ni ya lita, lakini wao wameandika galoni. Nimegawa kwa ile ya kwetu, inaonyesha nimewazidishia sana. Wamefurahi, wanataka nisaini haraka niende."

"Galoni ya nani?"

Nilisikia karatasi ikigeuzwa, kisha mlango wa lori ukifunguliwa.

"Subiri," alisema. "Ngoja nichukue tochi nikaangalie bamba la tangi lao."